Wasia na Urithi: Mali ya Mzazi Isiwe Fitina ya Watoto

Mazungumzo kwa watu wa Theta, Ruiru na Thika



Yako mambo mawili ambayo watu wengi hawapendi kuyataja nyumbani, nayo ni kifo, na mali itakayobaki baada ya kifo. Mzee mwenye shamba akiulizwa na mwanawe habari za urithi, huenda akakasirika na kusema, "Kumbe wataka nife upesi!" Basi mwana hunyamaza, na mzee hunyamaza, na mama hukaa kati yao asiseme neno. Miaka yapita. Siku moja mzee afariki dunia, na kabla ya kuzikwa kwake watoto wameanza kutazamana kwa macho mabaya. Kimya kile kilichodhaniwa kuwa heshima ndicho kilichozaa fitina.

Mazungumzo haya yahusu njia ya kuikinga fitina hiyo. Njia yenyewe si ya siri, wala si ya matajiri peke yao. Mwenye ploti moja aweza kuifuata sawasawa na mwenye ekari mia.

ARDHI IMEKUWA GHALI

Theta iko kati ya Ruiru na Thika, katika eneo la Juja, Kaunti ya Kiambu. Zamani sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi, mengine ya kahawa na mengine ya katani. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963, watu wengi walichanga fedha zao katika makampuni na vyama vya kununua ardhi. Wakapewa vyeti vya hisa, na kwa hisa hizo wakagawiwa mashamba. Wengi wa wanunuzi hao wamekwisha kufa, na walio hai ni wazee sana.

Mwaka 2012 barabara kuu mpya ya kutoka Nairobi hadi Thika ilifunguliwa, na bei ya ardhi katika sehemu zote zilizo karibu nayo ikapanda. Ekari moja yaweza kukatwa ploti nane hivi za futi 50 kwa 100. Shamba ambalo zamani ndugu waliligombea kwa ajili ya mahindi na maharagwe, leo laweza kugombewa kwa ajili ya nyumba za kupangisha. Kwa sababu hiyo neno dogo lililoachwa bila kusemwa laweza kuleta hasara kubwa kuliko zamani.

DESTURI YA WAZEE

Yafaa kukumbuka kwamba wasia si jambo geni lililoletwa na wanasheria. Katika desturi ya Wagikuyu, ardhi ilikuwa ya ukoo mdogo uitwao mbari, na msimamizi wake aliitwa muramati. Mzee alipoona kwamba siku zake zakaribia kwisha, aliwaita wanawe na wazee wenziwe, akasema mbele yao jinsi mali itakavyogawanywa. Maneno yale yaliheshimiwa, kwanza kwa sababu mashahidi waliyasikia, na pili kwa sababu watu waliiogopa laana ya marehemu, iitwayo kirumi. Aliyevunja neno la baba yake alijua kwamba ataulizwa na walio hai na waliokufa.

Lakini mambo yalibadilika. Katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, vipande vya ardhi vya watu wa Kiambu na sehemu jirani viliunganishwa, vikapimwa, na kuandikwa katika daftari la serikali. Mara nyingi jina moja tu ndilo lililoandikwa, la baba au la mwana wa kwanza, ingawa shamba lilikuwa la jamaa nzima. Daftari halikusikia maneno ya mzee, wala haliogopi kirumi. Lajua jina lililoandikwa ndani yake.

Ni kweli kwamba sheria haikuiacha desturi kabisa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mtu aliyeandikwa peke yake katika daftari aweza kuhesabiwa kuwa ameishika ardhi kwa amana ya jamaa yake. Hata hivyo, jambo hilo hapana budi lithibitishwe kwa ushahidi mahakamani, na ushahidi wa mambo ya miaka ya 1950 ni mgumu kupatikana, maana wengi walioyaona wamekwisha kuzikwa.

SHERIA YENYEWE

Mwaka 1967 serikali iliteua tume, chini ya uongozi wa Bwana Humphrey Slade, kuchunguza sheria mbalimbali za urithi zilizokuwapo nchini, ili iwepo sheria moja. Bunge lilipitisha Sheria ya Urithi mwaka 1972, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai, 1981. Mali ya mtu aliyekufa baada ya tarehe hiyo hufuata sheria hiyo. Mwislamu, mali yake hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na shauri laweza kupelekwa kwa Kadhi. Katika sheria hiyo kila mrithi ana fungu lake lililowekwa, na wasia haupiti theluthi moja ya mali.

Kwa watu wengine wote, sheria yasema kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu aweza kufanya wasia juu ya mali iliyo yake. Mwanamke ana uwezo huo sawasawa na mwanamume, awe ameolewa au hakuolewa. Mama aliyenunua ploti yake Ruiru kwa faida ya duka lake hana haja ya kuomba ruhusa ya mtu ili aseme itakwenda kwa nani.

WASIA WA MANENO NA WASIA WA MAANDISHI

Wasia waweza kuwa wa maneno au wa maandishi. Wasia wa maneno ndio ulio karibu zaidi na desturi ya zamani, lakini una masharti mawili. Lazima usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenye kuusema awe amekufa kabla ya miezi mitatu kupita tangu siku aliyousema. Askari aliye vitani ana nafuu katika sharti hilo la miezi mitatu. Lakini mzee wa kawaida akiwaambia wanawe maneno yake wakati wa Krismasi, kisha akafa mwezi wa Mei, maneno yale si wasia tena mbele ya sheria. Hapo ndipo jamaa nyingi hukosea. Husema, "Baba alisema," na kweli baba alisema, lakini wakati wake ulikwisha pita.

Wasia wa maandishi hauna mwisho wa namna hiyo. Sharti lake la kwanza ni kwamba mwenye wasia atie sahihi yake au alama yake, hata kama ni ya kidole gumba. La pili ni kwamba mashahidi wawili au zaidi, ambao kila mmoja amemwona akitia sahihi au amemsikia akikiri kwamba ile ni sahihi yake, watie zao mbele yake. Sheria haikulazimisha karatasi ya namna fulani, wala haikulazimisha uandikwe kwa Kiingereza. Wakili si sharti, ingawa msaada wake wafaa sana ikiwa mali ni nyingi au jamaa ni kubwa.

Shahidi asiwe mtu atakayepata kitu katika wasia huo, wala asiwe mume au mke wa mtu huyo. Shahidi aliyeachiwa mali hupoteza alichoachiwa, isipokuwa kama wako mashahidi wengine wawili wasiohusika. Basi mzee asimwite mwanawe ampendaye aje kushuhudia, akidhani anamsaidia, kumbe anamnyang'anya.

Katika wasia yafaa pia kumtaja mtu atakayeutekeleza, aitwaye wasii. Huyo awe mwaminifu, mwenye subira, na asiyeogopa kelele za ndugu. Tena ikumbukwe kwamba mtu akioa au kuolewa baada ya kufanya wasia, ule wasia wa kwanza hubatilika, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Atapaswa kuandika mwingine.

BINTI NAYE NI MTOTO

Hili ndilo jambo linaloleta ubishi mwingi. Wako wazee wasemao kwamba binti hurithi kwa mume wake. Neno hilo lilikuwa na maana katika desturi ya zamani, lakini si sheria ya Kenya. Sheria ya Urithi husema "mtoto", haisemi "mwana wa kiume". Katiba ya mwaka 2010 nayo yakataza ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke, na yataja wazi kwamba ubaguzi huo uondolewe katika mambo ya ardhi.

Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa iliamua shauri la mzee mmoja aliyekufa mwaka 1988, akaacha ekari 192, wake wawili, wana watatu na mabinti sita. Mahakama ya chini ilikuwa imewapa wana ekari 30 kila mmoja, na mabinti ekari 5 kila mmoja. Mahakama ya Rufaa ilikataa mgawanyo huo, ikaamuru watoto wote wapate sawa. Haikukubali kwamba huenda mabinti wakaolewa, na kwa hiyo wapewe kidogo.

Mzee anayeandika wasia ana uhuru wa kugawa mali yake apendavyo, lakini uhuru huo una mpaka. Mke au mtoto aliyeachwa bila riziki ya kutosha aweza kwenda mahakamani kuomba apewe fungu, nayo mahakama yaweza kuugeuza mgawanyo. Wazazi wa marehemu na watu wengine aliokuwa akiwalisha waweza pia kuomba. Kwa hiyo wasia unaomsahau binti, au mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye baba alimkubali, ni mbegu ya kesi. Ikiwa binti amekwisha pewa ploti yake wakati baba yu hai, na liandikwe hilo, lijulikane.

MTU AKIFA BILA WASIA

Asiyefanya wasia ameiachia sheria kazi ya kumgawia. Ikiwa ameacha mke mmoja au mume, na watoto, basi yule aliyebaki hupata vyombo vya nyumbani viwe vyake kabisa, na hupata haki ya kuitumia mali nyingine maisha yake yote. Haiuzi ardhi atakavyo, maana yeye ni mlinzi wa watoto. Yeye akifa, watoto hugawana sawasawa. Mtoto aliyekufa kabla ya mzazi wake, akaacha watoto, fungu lake huwaendea watoto wake.

Ikiwa marehemu alikuwa na wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba, kwa kadiri ya hesabu ya watoto wa kila nyumba, na kila mke aliye hai huongezwa kama mtu mmoja katika hesabu hiyo. Na uchukuliwe mfano wa mzee wa Theta mwenye ekari nane. Nyumba ya kwanza ina mama na watoto wanne, yaani watu watano. Nyumba ya pili ina mama na watoto wawili, yaani watu watatu. Jumla ni wanane. Basi nyumba ya kwanza yapata ekari tano, na nyumba ya pili ekari tatu. Haigawanywi nusu kwa nusu, kama wengi wanavyodhani, wala mke mkubwa hapewi zaidi kwa sababu ya ukubwa wake.

Sheria hiyo ni ya haki, lakini haimjui mtoto aliyekaa nyumbani akamwuguza mzee, wala yule aliyesomeshwa kwa fedha zilizotokana na kuuza ng'ombe wote. Wala haijui ni mtoto gani aliyejenga upande wa mtoni. Mambo hayo mzee peke yake ayajua, naye ndiye awezaye kuyaweka katika wasia.

SHAMBA LA MAREHEMU HALIUZWI OVYO

Mtu akifa, mali yake haishikwi na yeyote mpaka mahakama itoe idhini. Jamaa hutafuta cheti cha kifo, kisha barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Wake, wana na mabinti, wote waandikwe, maana kuficha jina la mrithi kwaweza kufanya kazi yote ibatilishwe baadaye. Kisha maombi hupelekwa mahakamani. Mahakama ya Hakimu Mkuu husikiliza mashauri ya mali isiyozidi shilingi milioni 20. Iliyozidi hapo ni ya Mahakama Kuu. Kwa bei za ardhi za siku hizi, shamba la ekari chache karibu na Ruiru laweza kuupita mpaka huo.

Habari za maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye kupinga hupewa siku 30. Pasipo pingamizi, mahakama huwateua wasimamizi wa mali, wasiozidi wanne. Miezi sita baada ya hapo, wasimamizi huomba idhini ithibitishwe na mgawanyo ukubaliwe, na ndipo ardhi iweze kuandikwa kwa majina ya warithi.

Kabla ya uthibitisho huo, hata msimamizi aliyeteuliwa haruhusiwi kuuza ardhi. Na mtu anayeingilia mali ya marehemu bila idhini, kwa kuiuza au kuitumia kama yake, ana kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh. 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili, na tena atalipa alichoharibu. Kijana anayemwuzia mgeni ploti katika shamba la babu yake, huku hati ingali kwa jina la babu, amemwuzia kesi. Naye mnunuzi anayeharakisha kujenga kwa sababu bei ni nafuu, huenda akajenga juu ya kiwanja cha wajane.

MALI ISIYO ARDHI

Siku hizi mali si shamba na ng'ombe tu. Kuna akiba katika benki, kuna fedha katika simu, kuna hisa za Sacco na za kampuni ya kununua ardhi. Katika Sacco mwanachama huandika jina la mtu atakayelipwa akifa. Wako watu walioandika jina la mama yao siku waliyoajiriwa, wakaoa, wakazaa watoto, mama akafa, na jina halikubadilishwa. Kila mwenye akiba na aende akalitazame jina lile.

Cheti cha hisa nacho kisiwe siri ya sanduku. Ikiwa watoto hawajui kwamba baba alikuwa mwanachama, hawataidai ardhi yake, na huenda mwingine akaidai. Fedha zilizosahauliwa katika benki na makampuni hatimaye hupelekwa kwa Mamlaka ya serikali inayosimamia mali isiyodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Warithi waweza kuzidai huko, lakini lazima kwanza wajue kwamba zilikuwapo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mume na mke walionunua ploti pamoja watazame jinsi majina yao yalivyoandikwa. Zipo namna mbili. Katika namna ya kwanza, mmoja akifa, ploti yote huwa ya aliyebaki. Katika namna ya pili, kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu huwaendea warithi wake. Tofauti hiyo ni ya maneno machache katika hati, lakini yaweza kumwacha mjane ndani ya nyumba yake au kumtoa nje.

KUGAWA WAKATI WA UHAI

Wako wazee wapendao kugawa wenyewe wangali hai. Hilo ni jema, mradi lifanywe kwa taratibu. Shamba la kilimo haliwezi kukatwa na kupewa watoto bila kibali cha bodi ya ardhi, na ikiwa ni mali ya ndoa, lazima mwenzi akubali. Kupanda ua wa miti na kusema "hapa ni kwa fulani" hakubadilishi daftari. Tena yafaa mzee abakize mahali pake na pa mkewe, asije akawa mgeni katika boma lake mwenyewe.

MAMBO YA KUFANYA

Basi kila mwenye mali na afanye mambo haya. Na aandike orodha ya vyote alivyo navyo, na madeni pia, na mahali zilipo hati zake. Na awaite mkewe au mumewe na watoto, wa kiume na wa kike, aseme nao mchana kweupe. Na aandike wasia, atie sahihi na tarehe mbele ya mashahidi wasiohusika, kisha auweke kwa wakili, au katika benki, au kwa wasii wake, na mtu mwaminifu ajue ulipo. Na autazame tena kila jambo kubwa linapotokea, kama ndoa, kuzaliwa kwa mtoto, au kuuzwa kwa shamba. Na yule ambaye shamba lake lingali kwa jina la marehemu baba yake au babu yake, asianze na wasia. Aanze kwa kwenda mahakamani kulitoa katika jina hilo, maana mtu hawezi kuusia kisicho chake.

Kuandika wasia hakumleti mtu karibu na kaburi, kama vile kujenga ghala hakuleti njaa. Mzee wa zamani aliwaita watu akasema maneno yake, nao wakayashika kwa sababu waliyasikia wote pamoja. Wa leo ana karatasi, mashahidi na sheria ya kumsaidia. Linalobaki ni yeye kufungua kinywa chake angali na nguvu, ili watoto wakutane baada ya matanga kama ndugu, si kama washtaki na washtakiwa.